Msimu wa Waridi na Goti la Wariara

Jumatano, 8 Januari

Leo Wariara ametolewa plasta, na mimi nimepiga nduru hospitalini mpaka askari wa langoni akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Sijui nilitarajia nini. Nilitarajia mguu, basi. Mtoto wangu ana miaka minane. Mwezi wa Novemba alipanda mnara wa tangi la maji hapa ploti, kwenye vyumba vyetu vya kupanga, kufuata mpira, akaanguka, akavunjika mfupa wa paja la kulia. Akafungwa plasta kutoka kiunoni hadi kwenye vidole. Wiki zote hizo nimekuwa nikiota siku ya kumrudishia soksi na viatu vya shule. Basi wakaleta kile kimashine cha kukata, kikavuma, plasta ikafunguka, na ndani yake nikaona kitu nisichokijua. Kimekonda kama mwiko. Ngozi inatoka magamba. Halafu nywele! Ngai, nywele nyeusi kwenye mguu wa mtoto wa gredi ya tatu, utadhani ni wa babake.

"Hiyo si yangu," Wariara akasema, akageuza uso ukutani.

"Nywele zitaanguka zenyewe," akasema kijana wa fizio, yule wa kunyoosha viungo. Anaitwa Kibii. Ni mrefu, mpole, na amezoea watu kupiga kelele, hilo nililiona mara moja.

"Na nyama? Nyama ya paja imeenda wapi?"

"Imeenda nyumbani, mama." Hakucheka. "Msuli ni kibarua. Ukiunyima kazi, unafunga virago. Ukiuita kazini, unarudi. Na wa mtoto hurudi mbio kuliko wako na wangu. Lakini lazima uitwe."

Halafu akashika kisigino cha Wariara akajaribu kukunja goti. Halikukunjika. Lilisogea kidogo tu, likakwama, na Wariara akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku ile alipoanguka. Nikamshika Kibii mkono. Akaniacha nimshike mpaka nilipomaliza, kisha akaendelea.

Daktari mwenyewe alipita tukiwa tunatoka. Akasema tarehe 28 Februari anataka kuona goti hilo likikunjika kama pembe ya meza. Lisipofika hapo, atamlaza mtoto kwa dawa ya usingizi alikunje kwa nguvu. Alikunje kwa nguvu! Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumza juu ya kufungua kifuniko cha jagi.

Alhamisi, 9 Januari

Mazoezi: akandamize taulo chini ya goti, ateleze kisigino sakafuni, akae ukingoni mwa kitanda mguu ukining'inia. Kila siku, asubuhi, mchana, jioni. Kibii alisema msuli uliokaa umenyooka umefupika, na hauwezi kurefushwa kwa siku moja, unarefushwa kwa kuombwa kila siku.

Tuliuomba. Wariara alilia, mimi nikalia. Goti bado.

Ijumaa, 10 Januari

Msimu umeanza. Kimeli, suparvaiza wetu pale pakihausi tunakogredi na kufunga maua, amesimama juu ya kreti na kutangaza kwamba mpaka Valentaini ipite hakuna ofu, hakuna ruhusa, hakuna kuugua. "Joan, na wewe umesikia," akaniongezea mimi peke yangu, mbele ya watu. Nimesikia, boss. Wazungu wanataka waridi, na waridi linataka mikono yangu tangu alfajiri hadi giza.

Babake Wariara ni dereva wa malori ya masafa marefu, huonekana hapa Karagita akipata nafasi. Kwa hivyo mtoto atabaki na Nakhumicha, jirani wa mlango wa pili, anayeuza chapati na maharagwe langoni mwa ploti. Nilimwonyesha mazoezi yote.

"Mwache na mimi," akasema. "Nimelea sita, na wote wanatembea."

Mungu ambariki huyu mwanamke.

Jumapili, 12 Januari

Leo nimelia kwa furaha mpaka macho yakavimba.

Choo chetu hapa ploti ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Mtoto mwenye mguu usiokunjika atachuchumaaje? Tangu Jumatano nimekuwa nikimbeba mpaka ndani na kumshika makwapani akiwa amenyoosha mguu mbele, kazi ya kuvunja mgongo. Kumbe Wasike, fundi wa vitanda wa chumba cha kona, alikuwa anatuangalia. Leo baada ya kanisa amebisha mlango akiwa na kiti. Kiti gani! Kina tundu katikati na beseni chini yake, kimewekewa godoro kidogo la kukalia, kina mahali pa kuweka mikono, na mbele kina ubao laini wa kuegemeza mguu ukiwa umenyooka, usiguswe na chochote. Amekipiga msasa na vanishi.

Ploti nzima ilikuja kuona. Nakhumicha alipiga vigelegele. Mzee Kihara, keateka wetu anayetunza ploti, alikiombea. Wariara alikalishwa, akatutazama kutoka juu kama malkia, akasema sasa anataka taji. Tulicheka sana.

Kuna ploti nyingine watu hawajui hata jina la jirani. Mimi nina bahati.

Jumanne, 14 Januari

Ovataimu. Goti bado.

Jumatano, 15 Januari

Upepo wa ziwani na vumbi. Ovataimu. Goti bado.

Jumamosi, 18 Januari

Watoto wa ploti wamejipangia zamu ya kumbeba Wariara wakitoka shule. Akitaka maji, analetewa. Akitaka jua, anabebwa na kiti chake, akiwa juu yake, hadi kwenye jua. Hata Mzee Kihara mwenye mgongo mbovu nilimkuta amempakata. Nikiondoka asubuhi namsafisha, namvisha, namweka kwenye kiti. Nikirudi nambeba hadi kitandani. Mguu wake haujagusa mchanga tangu mwaka uanze, na wala hajalia wiki nzima. Anaendelea vizuri, naona.

Jumatano, 22 Januari

Nimeshtuka mpaka sasa sijala.

Kimeli alinipa asubuhi tu, shingo upande, nikampeleka Wariara kliniki. Nilikuwa nimejaa furaha, nilikuwa hata nimevaa sketi ya kanisani. Kibii akatoa tepu, akapima paja la kulia, akapima la kushoto, akarudia. Akaziandika namba.

"Umeongezeka?" nikauliza.

"Umeongezeka. Wa kushoto." Akanionyesha. Haki ya nani, paja la kushoto lilikuwa limejaa, gumu, na la kulia limenyauka kuliko siku ya plasta. "Huu mzima unafanya ovataimu ya miguu miwili. Huu mwingine bado uko likizo. Mama, mazoezi mnafanya?"

"Tunafanya!"

"Na baada ya mazoezi, siku nzima, yeye huwa wapi?"

Nikatoa simu kwa madaha nikamwonyesha picha ya kiti. Nilitaka aone vile sisi si watu wa mchezo. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akatazama ule ubao wa mguu.

"Huyu fundi ana kipaji," akasema taratibu. "Choo chenu ni cha kuchuchumaa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana tukatengeneza hiki."

"Mama, kuchuchumaa ndiko nilikokuwa nategemea. Hata kama ni nusu, hata kama ni kwa kujishikilia ukutani. Mtoto akienda choo kila siku, goti linaombwa kukunjika na paja linaombwa kubeba uzito, na hahitaji mimi kumkumbusha. Hiki kiti kimeufanyia mguu kazi yote. Na nani humbeba?"

"Kila mtu," nikasema, na wakati nasema nikasikia masikioni mwangu jinsi lilivyosikika.

"Basi mwambie kila mtu amweke chini. Mfupa umeshika, usiogope. Na tarehe iko palepale."

Nilimwuliza kama ana mtoto. Akasema hana. Nikamwambia nilijua. Niliondoka bila kuaga, na nilikuwa nimefika stejini kabla sijakumbuka kwamba magongo ya Wariara, yale tuliyopewa siku ya plasta, tumeyaacha kliniki. Nikarudi kuyachukua. Kibii alikuwa ameyashika mlangoni, akinisubiri.

Alhamisi, 23 Januari

Nimemwambia Wasike. Afadhali ningepewa lori zima la waridi nigredi peke yangu.

Alikuwa anapiga randa. Nilizunguka na maneno mpaka akaniuliza mwenyewe, "Kwani kiti kina kosa gani? Kinayumba?"

"Hakiyumbi. Hakina kosa hata moja. Daktari anasema ni kizuri sana, ndiyo shida."

Nilieleza. Nikaona uso wake ukifunga kidogo kidogo. Jioni alikuja akakichukua, akakipitisha mlangoni kwa uangalifu ili asikwaruze vanishi, hakunisalimia. Wariara alilia akikifuata kwa macho. Nilihisi kama mwizi.

Ijumaa, 24 Januari

Mzee Kihara aliita mkutano pale bombani, kama anavyoita watu wakigombania zamu ya kuosha choo. Akasema: "Kuanzia leo hakuna kumbeba Wariara. Si kumbeba, si kumsukuma, si kumletea. Atakayembeba ataosha choo wiki nzima, peke yake." Watu walicheka. Kisha wakamtazama mtoto aliyekaa kizingitini na magongo yake, na kicheko kikaisha.

Jumapili, 26 Januari

Alikwenda kwa makalio kutoka kitandani hadi mlangoni. Nilienda kanisani mapema kwa sababu sikuweza kutazama. Sikusikia neno moja la mahubiri.

Wasike ametundika mabomba mawili ya chuma ndani ya choo, moja kila upande, ya mtoto kushikilia. Aliyafunga mchana nikiwa kanisani. Nilipomshukuru alisema, "Si kwako," akaenda zake.

Jumanne, 28 Januari

Ovataimu. Goti bado. Jua kali, bomba limekauka.

Alhamisi, 30 Januari

Kumetokea kitu! Nikimvalisha asubuhi, Wariara alisema, "Mami, ona," akainua mguu mzima kutoka kwenye godoro. Wenyewe! Ukatetemeka hewani, ukaanguka. Mwezi huu wote umekuwa ukilala pale kama wa mtu mwingine.

Nilichukua uzi nikapima paja. Halijaongezeka hata kidogo. Nikapima tena. Sasa mguu uleule, mwembamba vilevile, umepata wapi nguvu? Nilimpigia Kibii simu nikiwa kwenye foleni ya kuingia kazini. Nilikuwa nimemkasirikia lakini hiyo nilisahau.

"Kwanza kichwa kinakumbuka njia ya kufika mguuni," akasema. "Kile kidogo kilichopo kinaamshwa chote. Nyama inafuata baadaye. Usipime kwa uzi kila siku, utajitia presha bure."

Ati kichwa kinakumbuka njia. Nimeshinda siku nzima nikiwaza hayo maneno.

Jumamosi, 1 Februari

Kuna kitu hakinipendezi. Wariara ana michubuko viwiko vyote viwili na kidevuni. "Nani amekuumiza?" "Hakuna." Anasema haraka mno. Na dada mmoja wa pakihausi anayeishi karibu nasi ameniambia pembeni, "Huyo mama wa chapati wako, mimi nilimwona. Mtoto anatambaa kwa vumbi, yeye amesimama tu anaangalia."

Sikulala vizuri.

Jumanne, 4 Februari

Nimegundua kwamba Nakhumicha hampi Wariara chakula mkononi. Anaweka sahani langoni, kwenye kibanda chake, na mtoto lazima aifuate. Kutoka mlango wetu hadi langoni! Kwa mguu ule! Leo alifika chapati imepoa.

Nikigombana naye sasa, nani atabaki na mtoto? Maua ndiyo yanafurika. Lakini nimeanza kumwona huyu mwanamke kwa jicho lingine. Zamani nilidhani ni mkali wa mdomo tu.

Jumatano, 5 Februari

Kliniki. Nilinyimwa ruhusa, Nakhumicha ndiye aliyempeleka. Nilipomwuliza wamesema nini, alijibu, "Tunaendelea." Tunaendelea nani?

Ijumaa, 7 Februari

Haya lazima niyaandike.

Umeme ulipotea pakihausi kabla ya saa sita, jenereta ikagoma, Kimeli akatuambia twende turudi saa tisa. Nikasema nitaenda nimwone mtoto wangu mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu msimu uanze.

Nilimsikia kabla sijafika. Kilio cha Wariara nakitambua hata katikati ya soko. Nikasukuma lango. Ploti yote ilikuwa nje: wanawake waliokuwa wakianika nguo, Mzee Kihara, Wasike na randa yake mkononi. Wote wamesimama wanatazama. Na katikati ya uwanja mtoto wangu amelala kifudifudi kwenye vumbi, kamasi imechanganyika na mchanga usoni, magongo yamemtoka. Mbele yake, kando ya mlango wa choo, Nakhumicha amekunja mikono.

"Inuka," anamwambia. "Mimi sina haraka."

"Siwezi!"

"Jana uliweza."

"Siwezi, Mama Nakhumicha! Inauma!"

"Najua inauma. Inuka."

Na hakuna aliyesogea. Watu ninaokopa chumvi kwao!

Sikumbuki kuuvuka ule uwanja. Nilimnyakua mtoto, nikamkumbatia kifuani, nikamgeukia Nakhumicha na kumtukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Nilimwita mchawi. Nilimwambia hana moyo, na ndiyo maana wanawe sita hakuna hata mmoja anayempigia simu. Hilo la mwisho lilinitoka na nikatamani kulimeza papo hapo, lakini lilikuwa limeshatoka.

Yeye alinyoosha kidole ardhini. Alisema tu, "Mrudishe chini, Mama Wariara."

"Simrudishi! Mtaniua kwanza!"

Hapo nikahisi kitu kinanisukuma kifuani. Nikadhani anajikunja kwa uchungu. Kumbe ni Wariara ananisukuma kwa mikono miwili, macho mekundu, ana hasira zile zangu kabisa.

"Mami, niweke chini! Nilikuwa karibu kufika! Sasa umeniharibia, nitaanza tena kutoka mlangoni!"

Nilimtazama. Nikawatazama watu. Mzee Kihara akakohoa, akasema, "Ni sheria yake mwenyewe hiyo. Akishikwa, anaanza upya."

Sheria yake mwenyewe. Mtoto wa miaka minane! Mikono yangu ilimweka chini bila kuniuliza. Akatambaa kurudi hadi kizingiti chetu, akivuta magongo nyuma yake, akajiinua kwa kushika mlango, akapangusa kamasi kwa mkono wa sweta, akaanza. Nilikaa juu ya mtungi wa maji. Alipita mbele yangu, karibu sana, bila kuniangalia. Na kwa mara ya kwanza niliuona ule mguu ukifanya kazi. Kila akikanyaga, juu ya goti kulikuwa na kinyama kidogo kinajikaza, kinaachilia, kinajikaza. Kile kibarua kimerudi na hakuna aliyeniambia. Au waliniambia, na mimi nilikuwa nikimbeba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kila jioni nikirudi. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nimebaki nikimbeba.

Alifika chooni. Mlango ukafungwa. Watu wakapiga makofi. Nakhumicha alikuwa amesharudi kwenye kibanda chake.

Saa tisa nilirudi kazini nikagredi waridi bila kuyaona. Kimeli alinirudishia ndoo nzima.

Jumamosi, 8 Februari

Alfajiri, kabla sijaamka vizuri, Mzee Kihara alibisha na fagio na dawa ya choo.

"Sheria ni sheria, Mama Wariara."

Sikubisha. Nilisugua. Nikiwa ndani niliona yale mabomba ya Wasike, na kwenye ukuta wa vumbi alama za viganja vidogo, juu, chini, chini zaidi. Nikayashika mwenyewe nikachuchumaa polepole, nione goti linaombwa nini. Linaombwa mengi, jamani. Sisi huwa hatujui.

Nikaenda kwa Nakhumicha. Alikuwa anakata vitunguu. Nilimwambia nisamehe, hasa lile la watoto wako.

"Lile liliuma," akasema. "Hayo mengine nimeitwa tangu zamani." Akaendelea kukata. "Unadhani mimi ni jiwe? Kila nikimwambia inuka, naingia hapa nyuma nakata vitunguu. Wateja wananiuliza mbona siku hizi maharagwe yako yana vitunguu vingi hivi."

Tulicheka, halafu tukalia, na hakukuwa na haja ya kusingizia vitunguu.

Jumanne, 11 Februari

Lori la mwisho la waridi limeondoka kwenda uwanja wa ndege. Tuliketi sakafuni pakihausi tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushangilia.

Jumapili, 16 Februari

Wariara amechuchumaa. Si mpaka chini kabisa, na ni kwa kujishikilia mabomba, lakini peke yake, bila mtu ndani, mlango umefungwa. Sisi wote tulikuwa nje tumeshika pumzi kama watu wanaongoja matokeo ya kura. Kutoka ndani ikasikika sauti: "Mnangoja nini? Ondokeni, siwezi mkiwa hapo!"

Tukaondoka mbio. Wasike alikuwa wa kwanza kucheka. Ameanza kunisalimia.

Jumatatu, 17 Februari

Goti limevimba. Hawezi hata kuliweka kitandani bila kulia. Tumerudi nyuma kabisa. Ni mimi niliyemshangilia kupita kiasi, akarudia na kurudia mpaka jioni ili tumpigie makofi. Siku kumi na moja zimebaki.

Jumatano, 19 Februari

Kliniki. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusikia mabaya. Kibii alibonyeza, akageuza, akatabasamu.

"Amechoka, hajaumia. Msuli haujengeki ukifanya kazi, unajengeka ukipumzika baada ya kazi. Mpe siku mbili. Mayai, maharagwe, na alale." Akapima mapaja. La kulia limeongezeka. Nilimwomba apime tena, akapima tena, na likawa limeongezeka tena. Nilimkumbatia yule kijana mbele ya foleni yote. Alisimama wima kama mti, masikio yakiwa mekundu.

Lakini goti halijafika pembe ya meza. Limebakisha kidogo. Daktari alichungulia mlangoni na kusema, "Ishirini na nane," akaenda.

Jumamosi, 22 Februari

Kidogo bado.

Jumatatu, 24 Februari

Kidogo bado. Nimemkalisha kando ya meza nikalinganisha. Akaniambia, "Mami, ukiniangalia hivyo linakataa."

Jumatano, 26 Februari

Nimeota wanamlaza na kulikunja. Niliusikia mlio. Niliamka nimeshika goti langu mwenyewe.

Alhamisi, 27 Februari

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa nimekaa kitandani na mguu mmoja mchafu.

Bomba limekuwa kavu tangu Jumatatu. Leo nilikuwa na ofu, nikafuata maji mbali, nikayabeba mgongoni, shingo ikauma, nikajaza ndoo yetu ya kunywa na kupikia. Nikaenda kununua makaa. Kurudi, nakuta Wariara uani na beseni, povu hadi kwenye viwiko, anafua nguo za mdoli wake. Ndoo ni tupu. Tupu kabisa!

Damu ilinipanda. Nilivua slipa. "Wariara! Maji yangu!"

Aliangalia slipa, akaniangalia mimi, akaona sicheki. Akainuka pale alipokuwa, akakimbia.

Nami nikamfukuza, slipa juu, nikipiga kelele kwamba leo atanitambua. Akazunguka bomba, akapita katikati ya nguo zilizoanikwa, akapita kwa Nakhumicha aliyebaki na chapati hewani, akatoka lango, akaingia njia ya mchanga. Alikuwa anachechemea, unasikia ta-taa, ta-taa, lakini alikuwa anakimbia. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote na sikumfikia.

Ni hapo katikati ya njia akili iliponirudia. Pale kwenye beseni mtoto alikuwa amekaaje? Alikuwa amechuchumaa. Magoti yote mawili yamekunjwa mpaka karibu na kidevu, kama mtoto yeyote anayefua, na aliinuka kutoka pale chini bila kushika kitu. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, lakini mimi nilikuwa naangalia ndoo.

Nilisimama. Sikuweza kuendelea, nilikuwa nalia kwa sauti, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kijana wa boda alipunguza mwendo, akanitazama mimi na slipa yangu, akamtazama Wariara kule mbele akizidi kuwa mdogo.

"Mathe, nikukamatie huyo?"

"Usimguse!" nikamwambia. "Mwache aende."